Shangazi, Mwanza imeniishia, na leo ni siku ya 47

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 26, naishi Buzuruga na mama na wadogo zangu wawili. Nafanya kazi kwenye studio ndogo ya picha, si mbali na stendi. Siku nyingi kazi ni paspoti saizi: za chuo, za ajira, za mkopo, za hati ya kusafiria. Mteja anakaa kwenye stuli, kitambaa cha bluu nyuma yake, asiye na koti tunamwazima la studio, flashi inapiga mara mbili, baada ya dakika kumi anaondoka na picha zake nane. Jumamosi, Mungu akijalia, tunapata harusi au kipaimara. Kamera ni ya bosi. Yangu mimi ni simu, niliinunua kwa mtu, kioo kimepasuka kona moja lakini kamera yake ni nzima.

Mwaka jana alikuja dada mmoja kuchagua albamu ya harusi yake. Nikamwonyesha ya mteja mwingine ili aone mpangilio, akasema, "Basi nifanyie kama hii hii." Niliporudi kuziangalia zote mbili nikaona kweli ni hii hii. Bibi harusi kainamia maua, bibi harusi kageuka begani, maharusi Capri Point na ziwa nyuma yao. Ungebadilisha vichwa tu. Niliumia sana, maana mimi kazi hii naipenda tangu shule.

Desemba wapiga picha tisa tunaofahamiana tukakubaliana: kuanzia Januari mosi, kila mtu picha moja kila siku, siku 365, unaituma kwenye kundi letu la WhatsApp kabla ya saa sita usiku. Iwe imepigwa siku hiyo hiyo. Anayeruka siku anatoa shilingi elfu moja kwa mweka hazina. Lengo ni kukua, tuache kupiga kwa mazoea.

Mwanzoni nilikuwa na moto. Nikapiga Jiwe la Bismarck jua likizama. Nikapiga feri ya Kamanga ikitoka, Makoroboi watu wakiwa wamejaa, nyumba za mlimani Mabatini zilivyokaa juu ya mawe, korongo wakisubiri utumbo wa samaki. Nikarudi Jiwe la Bismarck. Kufika siku ya ishirini Mwanza ikaniishia. Kila nilichojua kuwa ni picha nilikuwa nimeshakipiga, na kila mtu ameshakipiga kabla yangu. Nikapanga kwenda hadi daraja jipya la Kigongo–Busisi, nauli ya kwenda na kurudi ikanishinda.

Siku ya 31 nilikwenda mwaloni Kirumba asubuhi. Kulikuwa na mama mmoja anapepeta dagaa wakavu juu ya turubai, jua liko nyuma yake, vumbi la dagaa linapaa na kung'aa. Nikainua simu. Akaniona. Akasema kwa sauti, "We binti, umeniomba? Picha yangu unakwenda kuiuza wapi?" Wenzake wote wakageuka. Nikasema samahani, nikaondoka haraka. Lakini nilikuwa nimeshapiga, na usiku nikaituma. Shangazi, katika picha zangu zote hiyo ndiyo iliyosifiwa kuliko nyingine. "Hiyo kali." "Sasa umeiva." Nilizima simu nikalala, ila usingizi haukuja.

Tangu siku hiyo naogopa kumpiga mtu picha. Siku sita nimetuma picha za zamani kana kwamba ni za leo, na elfu moja sijatoa hata moja. Nyumbani nako mama analalamika: naamka saa kumi na moja kufukuza jua, chai ya wadogo zangu inabaki kwake, na yeye ana biashara yake sokoni.

Leo ni siku ya 47. Nianze upya kutoka moja? Niache? Au nikubali tu kwamba mimi ni mtu wa paspoti saizi?

Wako,
Binti wa Buzuruga

---

Marahaba, binti yangu.

Tuanze na yule mama wa dagaa, kwa sababu mengine yote uliyoniuliza yamekwama nyuma yake. Hukuishiwa na Mwanza siku ya ishirini tu. Siku ya 31 ulipata picha ambayo moyo wako unakataa kuwa ni yako, na tangu hapo mkono umekuwa mzito. Ningekuwa wewe na mimi mkono ungekuwa mzito. Nafurahi kwamba hukulala.

Swali lake lisikilize vizuri. Alikuuliza unakwenda kuiuza wapi. Huyo ni mfanyabiashara anazungumza. Kila siku anaona magunia ya dagaa yanapakiwa hapo Kirumba, mengine yanavuka mpaka hadi Kongo, na anajua kwamba kitu kinachotoka mikononi mwake kinazidi kupata bei kadiri kinavyokwenda mbali naye. Akaona na sura yake inaondoka kwa njia hiyo hiyo. Hakukosea. Picha iliondoka, ikaenda kupata sifa, na yeye hakupata hata salamu. Hata sheria iko upande wake: tangu mwaka 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sura ya mtu ni taarifa yake. Lakini wewe hukunyimwa usingizi na sheria.

Fanya hivi. Iprinti picha ile, saizi nzuri, karatasi nzuri, ulipie mwenyewe. Urudi Kirumba. Usiende alfajiri magari yanapopakia na watu wanapatana bei. Nenda saa nne au saa tano, wakati mtu amekaa chini na kikombe chake. Msalimie kwanza, na kama ukisikia anazungumza Kisukuma mwambie "mwangaluka, mayu". Kisha sema bila kuzunguka: mama, mimi ndiye niliyekupiga picha siku ile bila kukuomba, nimekuja kuomba radhi, na picha yako hii hapa. Ukitaka niifute kwangu, naifuta sasa hivi mbele yako. Baada ya hapo nyamaza, umwachie yeye neno. Akisema futa, futa kwenye simu, na jioni uandike kwenye kundi kwamba umeombwa uiondoe, na wenzako walioihifadhi waifute. Akicheka akakukaribisha kiti, kaa. Siku hiyo usipige chochote. Kaa tu, uulize dagaa wa leo wametoka kisiwa gani.

Siwezi kukuahidi kwamba atacheka. Hata akikufukuza, utakuwa umerudisha kilicho chake, na utaweza tena kumtazama mtu usoni na kumwuliza, "Mama, naomba nikupige picha?" Watu wengi watakubali. Wengine watakataa, utasema asante na kuendelea na safari. Na wapo watakaokubali halafu wakakaa wima kama wako mbele ya bendera. Hao wapige hivyo walivyokaa, uwashukuru, ubaki unapiga nao soga. Baada ya dakika tano watakuwa wamerudi kwenye shughuli zao, na ruhusa unayo tayari. Mahali penye ulinzi, kama bandarini, kwenye feri au karibu na kambi, mwulize kwanza mhusika. Jeshini usiinue simu kabisa.

Sasa zile siku sita. Mwambie mweka hazina, toa elfu sita, andika kwenye kundi siku zipi hazikuwa za kweli. Usijieleze sana. Halafu usianze upya. Kuanza upya kutoka moja ni kujaribu kuificha Januari, na Januari yako si ya kuficha. Acha nafasi zile sita ziwe tupu na kesho iwe siku ya 48.

Kuna Mmarekani mmoja, Jamie Livingston, wa New York, aliyepiga picha moja kila siku kuanzia tarehe 31 Machi 1979 hadi tarehe 25 Oktoba 1997, siku aliyofariki, ambayo pia ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, akitimiza miaka 41. Miaka zaidi ya 18. Alitumia kamera ya Polaroid, ile inayotoa karatasi papo hapo. Ukizipitia picha zake, nyingi ni za kawaida kabisa: rafiki mezani, sahani ya chakula, dirisha, mtaa. Moja moja, nyingi hazingepata "hiyo kali" kwenye kundi lenu. Zikipangwa kwa tarehe unaona maisha ya mtu yanapita, mpaka kitandani alipougua. Hakuwa anatafuta New York. Alikuwa anapiga pale alipokuwa.

Wewe siku ishirini za kwanza ulikuwa unaitafuta Mwanza. Ile ya kalenda na kadi za posta, jiwe, feri, nyumba za mlimani. Sikulaumu, sote tunazo picha hizo kichwani kabla hatujashika kamera, na ni lazima zitoke. Zimetoka. Ulipoandika kwamba kila ulichojua kuwa ni picha umeshakipiga, mimi nilifurahi, maana kuanzia hapo utalazimika kupiga usichokijua kuwa ni picha. Wenzako nao, nadhani, wamefika au wanakaribia kufika.

Na kimoja umeniandikia mwenyewe. Umesema, "asiye na koti tunamwazima la studio", ukapita kama ulivyopita mbele ya msumari linapotundikwa. Binti yangu, simama hapo. Nalifahamu koti hilo. Halina mwenyewe. Bega lake moja limelegea, kola imeng'aa kwa jasho la watu, kifungo cha chini kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Mwanachuo anaingia na fulana ya mpira, anavaa koti, anatoka kwenye picha akiwa mtu wa ofisini. Fundi wa boda analivaa mikono ikimfunika vidole, lakini haijalishi kwa sababu picha inaishia kifuani. Mama anayekwenda kuomba mkopo anaona haya kulivaa, halafu analivaa, halafu anajitazama kwenye kioo chenu kidogo na kunyoosha shingo. Watu wangapi wamekuwa ndani ya koti moja tangu Januari? Wewe ulikuwepo kila mara, umesimama mita mbili, na ulichokuwa unasubiri ni wamalize kuvaa ili upige.

Nakuambia hili kwa sababu mimi nililikosa, na sikupata nafasi ya pili.

Nilipokuwa msichana nilifanya kazi studio ya mjini, wakati wa mikanda. Mkanda mmoja picha 36, na bosi alizihesabu. Ukisafisha mkanda, kule kwenye chumba cha giza, ukakuta picha tatu za mteja mmoja aliyelipia moja, mbili zinatoka kwenye mshahara wako. Kwa hiyo nilijifunza kusubiri mpaka kila kitu kikae sawa ndipo nibonyeze. Siku moja akaja kijana mvuvi kutoka Ukerewe, anataka picha ya kitambulisho, na mama yake alikuwa naye. Kijana akakaa. Mama akawa haridhiki. Mara anamnyoosha kola, mara analamba kidole anamfuta kitu kwenye nyusi, mara anarudi nyuma anamtazama, anarudi tena. Mimi nimeshika kamera nasubiri. Nilisubiri mama atoke kwenye fremu, na alipotoka nikapiga. Picha ilikuwa safi.

Baada ya mwaka au zaidi kijana yule alirudi peke yake. Mama yake alikuwa amefariki na nyumbani hawakuwa na picha yake hata moja. Aliniuliza kama siku ile, kwa bahati, mama hakuingia kidogo kwenye picha. Nikaitafuta negativu, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Pembeni kabisa palikuwa na kidole gumba na kipande cha khanga. Nikakikuza kipande kile kadiri karatasi ilivyoruhusu, nikampa bila kumtoza. Alikichukua kwa mikono miwili.

Sasa usinielewe vibaya, usianze kuwapiga wateja wenu kwa siri wanapovaa. Hayo tumeshayamaliza. Mwombe bosi ruhusa kwanza, kwa sababu studio ni yake. Kisha kila siku mwombe mteja mmoja tu: "Nikishamaliza ya paspoti, naomba nikupige moja yangu na simu, ukiwa unavua koti." Mwambie ni ya nini na nani ataiona. Akikubali, mprintie na yeye moja. Siku wakikataa wote, piga koti lenyewe msumarini, au stuli tupu, au ile nafasi kwenye kitambaa cha bluu iliyofifia kwa migongo ya watu.

Na piga mara moja. Huenda hili likakushinda kuliko yote, maana simu inakuruhusu kupiga hamsini. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, mmoja wa wapiga picha wakubwa kabisa waliotoka barani kwetu, alipiga wateja katika studio yake tangu mwaka 1948, na kwa kawaida kila mteja alimpiga mara moja tu, kwa sababu vifaa vilikuwa ghali. Wateja wake walikuwa watu wa mjini waliokuja kutengeneza picha za kutuma kwa ndugu. Aliweka saa, redio, hata gari, wapige nazo. Vitambaa vya nyuma vyenye maua na madoa vimekuwa njia ya watafiti kukisia mwaka wa picha, maana alikuwa akivibadilisha kila baada ya muda. Studio ya kawaida ya wateja, binti yangu. Ukiniuliza tena kama wewe ni mtu wa paspoti saizi, nitakujibu kwamba ndiyo, na kwamba hapo umekaa pazuri.

Kuhusu mama yako, yeye yuko sahihi na chai ni lazima ipikwe. Tena alfajiri unaipoteza bure: mwezi huu wa Februari jua la Mwanza halichomozi mpaka karibu saa moja kamili. Ukiamka saa kumi na moja unalingoja jua kwa karibu saa mbili. (Novemba ni tofauti, linatangulia kwa nusu saa hivi, na linazama mapema kiasi hicho hicho.) Pika chai kwanza. Jiko la mkaa likiwekwa karibu na mlango, saa moja na robo mwanga unaingia chini chini, unakata moshi, unamfikia mtu upande mmoja wa uso. Ni mwanga ule ule uliomwangazia mama wa Kirumba, ila huu umekuja mlangoni kwenu na hauna nauli. Mwombe mama yako ruhusa ya kupiga mikono yake anapofunga mzigo wa sokoni. Yeye naye aombwe. Usidhani kwamba kwa kuwa ni mama amekubali.

Mchana, wateja wakipungua, usilikimbie jua la utosini kama tulivyofundishwa. Katikati ya Machi jua litapita juu kabisa ya Mwanza, karibu saa saba mchana, na kwa dakika chache mlingoti, ndoo, mtu, kila kilichosimama wima kitakosa kivuli cha pembeni. Ngoja siku hizo uzipige. Siku nyingine mlete mtu chini ya baraza, uso uelekee nje, mgongo kwenye giza la ndani. Weka kidole kwenye sehemu yenye mwanga zaidi na ukishikilie mpaka simu ikubali, halafu ushushe mwanga kidogo. Futa lenzi kwa kitambaa safi kabla ya kila picha, kwani mafuta ya vidole ndiyo yanayoleta ule ukungu ambao watu wengi wanaulaumu kwenye simu za bei ndogo. Na usivute kwa vidole ili kumsogeza mtu; unachofanya hapo ni kuikata picha tu. Tembea umfikie. Ukimfikia itabidi mzungumze, na hilo nalo nalitaka kwako.

Kuna kitu kingine ambacho una nafasi nacho kuliko wenzako wote wanane. Mnaprinti paspoti nane kwenye karatasi moja, sivyo? Kila Jumapili, bosi akikubali ulipie karatasi, panga picha zako saba za wiki kwenye mpangilio huo huo wa nane, uzikate au uziache zimeungana. Nafasi ya nane iache nyeupe, na nyuma yake uandike kwa kalamu kitu kimoja ulichokiona wiki hiyo hukukipiga, kwa sababu ulikataliwa, ulichelewa au uliona haya. Karatasi hizo zikifika kumi, zitandaze sakafuni. Utaona unasimama mbali wakati gani, na nani unamwogopa. Mimi sikuwahi kuwa na karatasi hizo na ningezitaka.

Kundi lenu msilivunje, lina faida yake: mtu anayekungoja saa sita kasoro usiku anakuamsha. Ila kumbuka kwamba lilisifu zaidi picha ile uliyoichukua bila ruhusa. Hawakujua. Wanaona fremu, hawaoni ulivyoipata. Kwa hiyo sifa zao zipokee kwa shukrani, lakini uamuzi wa picha ipi ni ya siku ufanye kabla hujawasha bando.

Siku ukichoka na koti, na utachoka labda karibu na siku ya mia, chagua mahali pamoja penye kuona ziwa, jiwe lolote la mlimani ambalo unaweza kulifikia kwa miguu, uwe unarudi hapo usiku mara chache kwa wiki na ndugu wa kukusindikiza. Zile taa za wavuvi wa dagaa kule mbali, ambazo mgeni akiziona anadhani ni mji wa ng'ambo, haziwi zile zile. Siku za giza zinajaa. Mwezi unavyokua zinapungua, na mbalamwezi ikishika wavuvi wengi wanapumzika, kwa sababu taa haivuti dagaa kwenye maji yaliyokwisha kuangaziwa. Aliyepanda mara moja ana picha ya taa. Atakayepanda mwezi mzima atakuwa ameipiga kazi ya wale watu, pamoja na siku walizolala, na mwezi mpevu akirudi Kirumba atajua kwa nini turubai ni chache.

Daraja la Kigongo–Busisi ni zuri, kilomita 3 hivi juu ya maji, limefunguliwa Juni 2025 na limeshapigwa picha kutoka kila upande. Litakungoja. Siku ukiwa na safari yako ya kuvuka, kapige watu waliozoea kungoja feri, uwaulize siku hizi muda ule wanaufanyia nini.

Niandikie tena ukirudi kutoka Kirumba, uniambie alivyosema. Na ukipata kibali cha mteja wa kwanza aliyevua koti, niambie lilimkaaje. Mama msalimie sana.

Shangazi